Kifua cha Babu na Picha Iliyobaki Joni

Hapa kwetu Tunduma ukimwambia mtu unakwenda kupiga picha, atakuuliza kwanza: ya pasipoti au ya kifua? Huu ni mji wa mpakani. Wapo wanaotafuta karatasi za kusafiria, wapo wanaokohoa vumbi la malori, na mara nyingine ni mtu yuleyule. Kamusi zimetupatia neno eksirei, na wataalamu wa lugha wakaongeza uyoka, ambalo mimi sijapata kulisikia likitamkwa hospitalini. Mtaani tunasema picha tu. "Nimepigwa picha." "Daktari kaagiza picha." "Picha imetoka safi."

Nalipenda neno hilo kuliko yale mawili ya kamusi, maana limebeba dai ndani yake. Ukienda studio ukapigwa picha, picha ni yako. Umeilipia, unaichukua, unaitia kwenye albamu au unamtumia mchumba. Hakuna mpiga picha atakayekusimamisha, akuambie usitikisike, kisha akutoe mlangoni bila hata kukuonyesha umetokaje. Lakini katika historia ya milima na mabonde haya, ambayo tangu mwaka 2016 tunayaita Mkoa wa Songwe, wapo wazee waliofanyiwa hivyo hasa. Makala haya ni juu yao, na juu ya swali dogo ambalo naona tumelichelewesha: picha ya kifua ni mali ya nani?

Tuanze na mionzi yenyewe, maana bila kuielewa hatutaelewa walichonyimwa.

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, profesa wa fizikia aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme ndani ya bomba la kioo lililoondolewa hewa. Bomba alikuwa amelifunika kwa karatasi nyeusi nzito, na chumba kilikuwa giza. Hata hivyo kipande kilichopakwa kemikali, kilichokuwa pembeni, kikaanza kung'aa. Kuna kitu kilikuwa kinapenya ile karatasi. Hakujua ni nini, kwa hiyo akakiita X, kama vile mwalimu wa hesabu anavyoita namba isiyojulikana. Tarehe 22 Desemba akamwita mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya bamba la picha. Ikatoka mifupa ya vidole, na pete ya ndoa ikining'inia kwenye mfupa. Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Hakuchukua hataza ya ugunduzi wake. Aliuacha uwe wa watu wote.

Kazi ya mashine si ngumu kuieleza. Ndani ya bomba, elektroni zinarushwa kwa kasi kubwa hadi zinagonga chuma, na katika kugonga huko mionzi inazaliwa. Inapopita mwilini, mifupa huzuia mingi kwa sababu ya kalsiamu yake, nyama huzuia kidogo, na hewa karibu haizuii kitu. Kwenye filamu, pale mionzi ilipofika panakuwa peusi, na pale ilipozuiwa panabaki peupe. Ndiyo maana mapafu yenye afya huonekana meusi: yamejaa hewa. Ukiona weupe mahali palipopaswa kuwa peusi, ujue pana jambo. Kifua kikuu huacha mawingu, na wakati mwingine mashimo, zaidi sehemu ya juu ya pafu. Vumbi la mawe yenye silika nalo huacha nukta ndogondogo nyeupe, kana kwamba mtu kamwaga chenga za mchele juu ya kaniki.

Kwa hiyo eksirei ni kivuli, na kivuli hakijisemei. Lazima awepo wa kukisoma, na huyo msomaji naye kaajiriwa na mtu.

Wapenzi wa riwaya mtakumbuka The Magic Mountain ya Thomas Mann, iliyotoka mwaka 1924. Mambo yake yanatokea Davos, Uswisi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa mapafu, miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kijana Hans Castorp anampenda mgonjwa mwenzake, Clavdia Chauchat, na mwanamke huyo anapoondoka anamwachia picha ya eksirei ya kifua chake iwe kumbukumbu. Haina uso, ni mbavu na vivuli tu, na kijana wa watu anaitunza kama hirizi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikawaza: kumbe kwa tajiri wa Davos picha ya kifua ilikuwa yake kiasi kwamba aliweza kuigawa kama zawadi ya mapenzi.

Sasa tutoke Davos twende Johannesburg, mji ambao wazee wetu waliuita Joni.

Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand ilikuwa na njaa ya watu. Kampuni zake ziliunda chombo kimoja cha kuajiri, Witwatersrand Native Labour Association, ambacho Waafrika walikifupisha kuwa Wenela. Mwaka 1913 Serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri watu kutoka kaskazini ya nyuzi 22 kusini mwa ikweta, kwa sababu waliotoka nchi za joto walikuwa wakifa mno kwa nimonia. Marufuku hiyo ililegezwa miaka ya 1930, na baadaye mkono wa Wenela ukafika kusini-magharibi mwa Tanganyika. Vijana wa Rungwe na majirani zao wa milima ya Ileje wakaitika. Wengine, hasa Wanyamwanga na Wanyiha wa nchi ambayo leo ni Momba na Mbozi, waliona Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini uko karibu zaidi. Ukishavuka Nakonde, barabara inakupeleka yenyewe, na Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Walikuwepo pia manamba waliokwenda kukata mkonge, lakini aliyetoka mkonge hakuimbiwa kama aliyetoka Joni.

Chini ya ardhi kule, dhahabu imo ndani ya jiwe gumu lenye silika nyingi. Ukilitoboa na kulilipua, linatoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo likifika ndani kabisa ya pafu halitoki tena. Seli za ulinzi za mwili zinajaribu kulimeza, zinakufa nalo, na pafu linajaa makovu. Ugonjwa huo ndio silikosisi. Hauna dawa, na zaidi ya hapo humfungulia mlango mdudu wa kifua kikuu.

Wenye migodi walilijua hilo mapema. Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuweka sheria za fidia kwa ugonjwa huu, mwaka 1911 na 1912. Kuanzia 1916 mchimbaji Mzungu alichunguzwa na ofisi maalumu ya madaktari mjini Johannesburg, mmoja mmoja, na eksirei ikiwemo. Mchimbaji Mwafrika yeye alipangwa foleni uchi, akapimwa uzito, akasikilizwa kifua kwa muda wa kufumba na kufumbua. Akipungua uzito ndipo atazamwe zaidi. Mzungu aliyekutwa na ugonjwa alikuwa na njia ya kupata pensheni. Mwafrika alipewa fedha za mkupuo mmoja akarudishwa kwao. Kufikia miaka ya 1950 zikaja eksirei za halaiki, zile picha ndogo ambazo watu wengi hupigwa kwa siku moja, na wageni kutoka kwetu nao wakasimamishwa mbele ya mashine.

Na hapa historia inatuonyesha jambo la ajabu. Agosti 1930 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mkutano wa silikosisi, na mahali palipochaguliwa ni Johannesburg. Kwenye mkutano huo madaktari walikubaliana namna ya kupanga hatua za ugonjwa kwa kutazama picha za kifua, na hapo ndipo ulipoanzia mfumo wa kusoma picha za mapafu yenye vumbi unaotumika duniani hadi leo, pamoja na marekebisho yake mengi. Yaani elimu ya kusoma vifua hivi ilizaliwa katika mji uleule ambao wenye vifua hawakusomewa.

Peter Abrahams aliliona hili kwa jicho la mwandishi. Katika Mine Boy, riwaya yake ya mwaka 1946, yumo mchimbaji anayetema damu na kuificha, kwa sababu ana deni na akijulikana mgonjwa ataondolewa kazini kabla ya kulimaliza. Msomaji wa haraka atamwona mjinga. Lakini mtu yule amepiga hesabu zake vizuri: amejua kwamba macho yanayotazama kifua chake hayatazami kwa niaba yake.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ileje. Alikwenda Joni miaka ya 1950 kwa mikataba miwili, akarudi kabla ya uhuru na baiskeli, mablanketi, na gramafoni yenye picha ya mbwa. Mama anaisimulia hadithi kama alivyoisikia kwake. Waliingizwa chumba chenye giza, vifua wazi, kila mmoja akalikumbatia bamba la baridi. Mtu akapaza sauti kwa Kifanakalo, lugha ya migodini: vuta pumzi, izuie. Mashine ikalia kidogo. Haya, mwingine! Babu alikuwa akisema huku anacheka kwamba kule Joni wana picha yake ambayo hata mkewe hajaiona.

Miaka ilipita, akaanza kukohoa. Kupanda mlima wa kwenda shambani kukawa safari ya kupumzika mara tatu. Akakonda. Zahanati ilikuwa mbali, na dawa ya kikohozi haikufanya kitu. Jirani zake, waliokula chakula kilekile na kunywa maji yaleyale, hawakuugua. Kijiji kikatafuta sababu, na kijiji hakikosi sababu. Wakasema mali ya Joni imemponza. Vidole vikamwelekea shangazi yake, mjane asiye na mtoto, ambaye kosa lake ni kuwa aliwahi kutamka mbele za watu kwamba baiskeli ile ingemfaa na yeye kwenda gulioni. Babu alikufa mama akiwa darasa la tatu. Yule bibi hakuguswa, tunamshukuru Mungu, ila hakuweza kukaa tena. Alivuka mto Songwe akaenda kuishi upande wa Malawi, na huko ndiko kaburi lake liliko.

Kiswahili kina mzaha wake mchungu. Mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi. Kuna mwanga uliopita kifuani mwa babu siku ile Joni, na majibu yake hayakuja Ileje. Kijiji kikajitafutia mwanga mwingine.

Sidai kwamba picha ile tayari ilikuwa na nukta. Inawezekana kifua siku ile kilikuwa cheusi tii, maana silikosisi kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, mtu akiwa pengine ameshaacha kazi. Ndiyo hatari ya ugonjwa huu, na ndiyo iliyoufanya utaratibu ule wa mikataba ya muda mfupi uwe na faida kwa wenye migodi. Kijana anakuja mzima, anapigwa picha, anafanya kazi, anarudishwa. Ugonjwa unapofika unamkuta nyumbani, na gharama zinabebwa na mke, na zahanati ya kijiji, na shangazi.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, serikali ya Mwalimu Nyerere ilifunga mlango wa kuajiri watu kwenda migodi ya Afrika Kusini. Ulikuwa uamuzi wa heshima, na sina neno baya juu yake. Lakini mlango ukifungwa unafunga pande zote mbili. Makaratasi ya wazee wetu yalibaki upande wa pili.

Baada ya miongo mingi wachimbaji walikwenda mahakamani Afrika Kusini. Mei 2018 kampuni sita za migodi zilikubali kulipa, na Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaidhinisha makubaliano yenye thamani ya takriban randi bilioni 5. Hadi wachimbaji kutoka nchi jirani wamo, na familia za waliokufa wamo. Nilifurahi niliposoma, hadi nilipofika kwenye tarehe. Anayestahili ni aliyefanya kazi kwenye migodi husika kati ya tarehe 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Wengi wa watu wa kwetu walikuwa wamesharudi kabla ya hapo. Historia imewapita kwa miaka mitatu minne. Na hata kama tarehe ingewaruhusu, dai la namna hii linahitaji ushahidi wa kazi na ushahidi wa kifua. Mjane wa Ileje angeutoa wapi?

Mtu anaweza kuniambia: hayo ni ya zamani, tuyaache. Twende basi Saza. Eneo la dhahabu la Lupa lilivutia watafutaji tangu miaka ya 1920, na mgodi wa Saza, ambao leo umo ndani ya Wilaya ya Songwe, ulikuwa kati ya migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika miaka ya 1940. Dhahabu bado ipo, na vijana wapo. Pita kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo uone karasha zinavyosaga mawe makavu, na vijana wakiwa weupe kuanzia kope hadi viatu kama watu waliotoka kinu cha unga. Wachache wamejifunga kitambaa puani. Kitambaa kinazuia chembe kubwa, zile zinazokufanya upige chafya. Zile ndogo zinazoua zinapita. Kumwagia jiwe maji linaposagwa, ili vumbi lisiruke, kunasaidia kuliko kitambaa, na karne nzima migodi ya Joni imejua hivyo.

Nchi yetu inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ulianza kazi 2015. Ni hatua kubwa. Lakini mfuko huo unategemea kuwepo kwa mwajiri anayechangia, na kijana wa karasha anayelipwa kwa viroba vya mawe hana mkataba wala mwajiri anayejulikana. Akikohoa atapewa dawa za kifua kikuu, na mara nyingi zitamfaa, maana kifua kikuu kinatibika kabisa. Akimaliza dozi na bado anahema, ndipo picha ya zamani inapokuwa dhahabu.

Eksirei siku hizi imekuja karibu. Yapo magari ya kliniki tembezi yanayofuata watu hadi machimboni na vijijini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zinazoweza kusoma picha ya kifua na kumtambua mwenye dalili za kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Wanaoogopa mionzi niwatulize: waanzilishi wake wengine kweli walidhurika, akiwemo Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliyekufa mwaka 1904 baada ya kuicheza mionzi miaka mingi bila kinga. Ila picha moja ya kifua leo ina kama milisivati 0.1, sawa na mionzi ya asili unayoipokea kwa siku kumi hivi ukiwa umekaa barazani kwako.

Mionzi hiyohiyo, yenye nguvu kubwa zaidi, ndiyo forodha wanayoitumia kukagua makontena bila kuvunja lakiri. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, tumezoea kusikia madereva wakizungumzia ukaguzi kama wanavyozungumzia hali ya hewa. Shaba inapita hapa usiku na mchana. Mzigo ukitiliwa shaka, mwenye mali ataambiwa, ana nyaraka, ana wakala wa kumsemea. Ningetamani kifua cha aliyeichimba nacho kiwe na haki kama za kontena.

Picha za kompyuta zina urahisi wake, lakini zimetuondolea ile bahasha kubwa ya kaki ambayo mgonjwa alitoka nayo mkononi. Bahasha zile zilitunzwa chini ya magodoro na juu ya makabati, zikapata ukungu, watoto wakachezea filamu kutazamia jua. Lakini zilikuwa nyumbani. Sasa picha inabaki kwenye kompyuta ya hospitali, mgonjwa anapewa mstari mmoja wa maandishi, na akihamia mji mwingine anaanza upya.

Daktari anayesoma vifua hupenda kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: una picha ya zamani? Doa moja peke yake halisemi sana. Likiwekwa kando ya picha ya miaka mitano iliyopita, linasema kama limekuwepo siku zote, kama ni jipya, kama linakua. Kwa hiyo wewe unayekwenda Saza, au Kitwe, au popote penye jiwe na vumbi, piga picha kabla hujaanza kazi. Uliza imeonyesha nini. Omba nakala, iwe filamu au faili kwenye simu, andika tarehe na jina la machimbo, na mwonyeshe mkeo mahali ulipoiweka.